Dhahabu ya Jebel Amer: Waarabu walivyouana na Waarabu Darfur (uchambuzi wa kisa)

Kwanza, kwa nini kisa hiki

Hiki kisa ni cha kweli, kimetokea Darfur Kaskazini nchini Sudan kuanzia 2012. Viongozi wanaojulikana dunia nzima nimewataja kwa majina maana bila wao hakieleweki, ila watu wa kawaida, wazee wa koo, wachimbaji, pamoja na yule afisa ambaye dai lake ndio lilowasha moto, nimewaondolea kila kitu cha kuwatambulisha, familia zao zipo na vita haijaisha.

Nimekichagua kwa sababu moja. Wengi wetu tukisikia Darfur tunachoambiwa ni kwamba Waarabu wanaua Waafrika basi, na ni kweli hayo yametokea na yanatokea, Wamasalit wa mji wa El Geneina, Darfur Magharibi, 2023 waliuawa kwa sababu ya kabila lao, hilo mimi silipunguzi hata kidogo. Lakini kwenye mgodi wa dhahabu wa Jebel Amer waliouana ni Waarabu kwa Waarabu, Waislamu kwa Waislamu, wafugaji kwa wafugaji. Ukishaweka rangi na dini pembeni unabaki na vitu vyenyewe, yaani ardhi, bunduki, pesa na serikali, na ndio vitu ambavyo kwenye migogoro mingine vinajificha nyuma ya maneno ya ukabila.

Usuli: nani ana ardhi na nani hana

Tuanze na ardhi. Enzi za Usultani wa Darfur sultani alikuwa anagawa ardhi kwa wakubwa wa koo, mgao huo wanauita hakura. Waingereza walipomuua Sultani Ali Dinar 1916 na kuiunganisha Darfur na Sudan wakauendeleza mfumo kwa namna yao, kabila likawa na eneo lake linaloitwa dar, na mkuu wake anaitwa nazir, huyo ndio anasema nani apite, nani alime, nani achunge, na kesi anasikiliza yeye. Beni Hussein, Waarabu wafuga ng'ombe na wakulima, wakawa na dar yao, makao yake mji wa El Sireif, upande wa kaskazini magharibi wa Kabkabiya.

Rizeigat wa kaskazini hawakupata. Hawa ni Waarabu wafuga ngamia, abbala wanaitwa (wapo pia Rizeigat wa kusini wenye ng'ombe na dar yao kubwa tu, usiwachanganye). Zamani kukosa dar haikuwa taabu sana, mtu wa ngamia anachohitaji ni njia na visima, mvua ikinyesha anapanda kaskazini, kiangazi anashuka kusini, na kila anapopita ana maelewano na wenyeji, mashamba yameshavunwa kwa hiyo mifugo inakula mabua na inaacha samadi, kila mtu anapata chake.

Halafu ukaja ukame wa miaka ya 70 na 80, na njaa kubwa ya 1984 na 1985. Malisho ya kaskazini yakakauka, mifugo ikafa kwa wingi, watu wakashuka kusini na safari hii wengi hawakurudi. Sasa hapo ndipo ungetegemea manazir wakae chini wapange upya njia na visima, ila serikali ya Rais Nimeiri ilikuwa imeshafuta utawala wao wa kienyeji mwaka 1971, na hata uliporudishwa baadae ulirudi dhaifu, umeingiliwa na Khartoum kila upande. Na silaha nazo zikamiminika kutoka kwenye vita vya Chad na Libya, kwa hiyo wakati mwamuzi anaondoka uwanjani bunduki ndio zinaingia.

Aprili 2003 waasi wa Darfur, wengi wao Wafur, Wazaghawa na Wamasalit, wakapiga uwanja wa ndege wa El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini. Serikali ya Omar al-Bashir ikaamua kuwapa silaha vijana wa Kiarabu, hasa hawa abbala wasio na ardhi, ndio Janjaweed tunaowasikia, na mtu wao maarufu wakati huo alikuwa Musa Hilal. Baadae wengi wakaingizwa kwenye kikosi rasmi cha Walinzi wa Mpaka wakapewa vitambulisho vya serikali. Beni Hussein kwa sehemu kubwa walijiweka kando na vita ile.

Ukiangalia hali ilivyokuwa 2011, wenye ardhi hawana nguvu ya kijeshi ya maana na wenye nguvu ya kijeshi hawana ardhi. Ilikaa hivyo miaka na haikulipuka hapo El Sireif, kwa sababu ile ardhi yenyewe ilikuwa na nyasi na mtama, hakuna aliyeona faida ya kuichoma.

Julai 2011 Sudan Kusini ikajitenga, ikaondoka na kama robo tatu ya mafuta yaliyokuwa yanachimbwa. Khartoum ikabaki inahaha kutafuta dola, na jibu lililokuwa karibu ni dhahabu ya wachimbaji wadogo. Benki Kuu ikaingia sokoni kununua kwa pauni za Sudan, na 2012 dhahabu ikawa ndio bidhaa kubwa ya nje ya nchi hiyo, karibu dola bilioni 2. Kumbuka hilo, maana tukifika mbele utaona kwa nini serikali haikuwa na haraka ya kufunga mgodi wowote ule.

Ilivyotokea

Mwanzoni mwa 2012 dhahabu ikagundulika Jebel Amer, ndani ya dar ya Beni Hussein. Rashi ikafumuka. Waliowahi kuona rashi Geita au Chunya picha wanayo: ndani ya miezi michache makumi ya maelfu ya watu wamejaa, kutoka Darfur yote, kutoka Sudan ya kati, kutoka Chad na nchi za jirani, wanachimba maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kwa sururu na kamba, huku soko limeota pembeni na zebaki inauzwa wazi. Wenye dar waliruhusu watu waingie na wao wakanufaika, kwa mila yao hilo lilikuwa sawa kabisa, mgeni anakaribishwa ila anajua mwenye nyumba ni nani.

Mwanzoni mwa Januari 2013 afisa mmoja wa Walinzi wa Mpaka, ambaye pia ni kiongozi kwa upande wa Rizeigat, akadai sehemu yenye dhahabu nyingi ni yake. Ugomvi wa duara. Migodini ugomvi wa duara ni jambo la kila wiki na kawaida unaishia kwa mzee fulani au polisi, ila huyu bwana alikuwa na kikosi nyuma yake. Watu wakauana, wenzao wakalipiza, na kabla wiki haijaisha ishu imetoka kwenye shimo imeingia vijijini, magari yenye bunduki nzito yanazunguka, nyumba zinachomwa, mifugo inachukuliwa. UN ikataja watu kama 100,000 walioathirika au kukimbia. El Sireif ikajaa wakimbizi wa ndani wanaolala nje kwenye baridi ya Januari, na barabara za kuingia mjini zikafungwa na wapiganaji, dawa haziingii, chakula hakiingii.

Wazee wakakimbilia judiya, ule usuluhishi wa kimila ambao wapatanishi wanaitwa ajawid. Mapatano ya kusitisha yakapatikana mwezi uleule wa Januari, yakavunjika. Februari mji wenyewe wa El Sireif ukashambuliwa, watu wapatao 50 wakauawa kwa mpigo mmoja. Mbunge wa eneo hilo alitoka hadharani akasema waliokufa upande wa Beni Hussein ni zaidi ya 500, na mwaka ulipokuwa unaelekea mwisho taarifa za UN na za watu wa eneo zikawa zinataja zaidi ya 800. Kwa vipimo vya Darfur ya wakati ule, huo ugomvi mmoja uliua watu wengi kuliko mapigano ya jeshi na waasi kwa kipindi hicho.

Katikati ya yote hayo uchimbaji haukusimama. Mwisho wa Aprili duara lenye kina cha kama mita 40 likaporomoka, zaidi ya watu 60 wakafukiwa. Inaniuma sana sehemu hii, maana wale wachimbaji wengi hawakuwa na upande wowote, ni vijana waliokuja kutafuta hela ya mahari au ya kununua mbuzi.

Julai 2013 Beni Hussein na Rizeigat wakasaini mkataba wa amani. Mwezi huohuo, tarehe 13, huko Darfur Kusini, askari 7 wa Tanzania waliokuwa UNAMID, kikosi cha kulinda amani cha UN na Umoja wa Afrika huko Darfur, waliuawa kwenye shambulio la kuvizia na wenzao 17 wakajeruhiwa. Sio sehemu ya kisa chetu, sehemu ni tofauti, ila nimelitaja kwa makusudi, msomaji ajue kwamba kikosi kilichotegemewa kuwalinda raia El Sireif kilikuwa chenyewe kinawindwa barabarani.

Maamuzi, na kwa nini waliyafanya

Hapa watu wengi wanaruka haraka wanasema "walikuwa na tamaa". Tamaa ipo kila mahali, tuangalie kila mmoja alikuwa anaona nini mbele yake.

Beni Hussein waliamua kufungua mlango na kutegemea mila. Wakati wanaamua, mila ilikuwa imewafaa tangu enzi za babu zao, na kufunga mlango wasingeweza, huwezi kuzuia makumi ya maelfu ya watu wenye sururu. Kosa ninaloliona mimi ni kuamini kwamba hati ya dar ingeheshimiwa na mtu mwenye kitambulisho cha serikali na gari la serikali.

Vijana wa abbala nao tuwasikilize japokuwa ni wagumu kuwahurumia. Ngamia za baba zao ziliisha kwenye ukame, miaka kumi wamepigana vita ya serikali kwa ahadi, ahadi ya ardhi haikutimia, mshahara wa Walinzi wa Mpaka ulikuwa hautoshi na pauni inaporomoka kila mwezi. Halafu mlima wa dhahabu unafunguka mwendo mfupi kutoka kambini, na wenye mlima ni watu ambao kwenye vita ile walikaa kando. Kwao hoja ilikuwa rahisi, sisi ndio tulilinda, sisi ndio tunadai. Ni hoja ya hatari ila sio ya kichaa.

Serikali ndio naiona ina lawama kubwa zaidi, na sababu yake ni kwamba ilikuwa na njia nyingine. Wale wapiganaji walikuwa kwenye orodha yake ya malipo, ingeweza kuwaondoa, kumsimamisha yule afisa, kuweka polisi wa kawaida. Ikachagua kutuma kamati za upatanisho. Ukiwanyang'anya silaha Walinzi wa Mpaka unapoteza jeshi lako la bei rahisi dhidi ya waasi, ukiufunga mgodi unapoteza dhahabu ambayo Benki Kuu inaihitaji, ila ukiita ni "ugomvi wa makabila" hulipi chochote. Kwa hiyo jina lenyewe la ugomvi wa makabila lilikuwa ni uamuzi, lilimtoa mwajiri kwenye kesi ya waajiriwa wake.

Halafu Musa Hilal. Alikuwa ameteuliwa mshauri kwenye serikali 2008, akagombana na wakubwa, 2013 akarudi Darfur. Akafanya kitu ambacho Khartoum haikutegemea, akapatana na Beni Hussein yeye mwenyewe. Nia yake sijui Mungu ndio anajua, lakini mantiki iko wazi: mgodi hauingizi pesa kama wenyeji wanapigana nawe kila siku, na yeye alihitaji eneo tulivu la kusimamia dhidi ya serikali. 2014 akatangaza baraza lake, na watu wake wakawa ndio mamlaka ya kweli maeneo yale.

Matokeo

Mauaji makubwa kati ya Beni Hussein na Rizeigat yalipungua, na hilo sio dogo, watu walirudi kulima. Ila mgodi ulibaki mikononi mwa wenye bunduki. Wataalamu wa UN waliofuatilia vikwazo vya Sudan walikadiria Hilal na kundi lake wanaingiza kama dola milioni 54 kwa mwaka kutoka Jebel Amer, kwa kutoza wachimbaji, wafanyabiashara na kwa maduara yao wenyewe.

Pesa hiyo ikawa sababu ya ugomvi unaofuata. Januari 2017 bunge la Sudan lilipitisha sheria ya kuwatambua RSF, kikosi cha wapiganaji cha Mohamed Hamdan Dagalo anayeitwa Hemedti, na Walinzi wa Mpaka wakatakiwa waingie humo. Hilal akakataa. Novemba 2017 RSF wakamkamata yeye na watu wake na mgodi ukawa wa Hemedti. Sasa Hemedti ni nani? Naye ni Rizeigat wa kaskazini, abbala vilevile, ukoo tofauti tu, Hilal ni Mahamid na Hemedti ni Mahariya. Kwa hiyo ndani ya miaka mitano mlima uleule umepiganiwa na Waarabu wa makabila mawili, ukawa wa kiongozi anayeipinga serikali, ukaishia ndugu kumnyang'anya ndugu. Maadui wanabadilika, shimo ni lilelile.

Dhahabu ikapita kwenye kampuni ya familia ya Dagalo, Al Junaid, ambayo Marekani iliiwekea vikwazo Juni 2023. 2020 ilitangazwa kwamba mgodi umekabidhiwa serikalini, lakini wakati huo RSF ilikuwa imeshakuwa jeshi kamili lenye magari, mishahara yake na marafiki nje ya nchi. Tarehe 15 Aprili 2023 likageukiana na jeshi la taifa Khartoum kwenyewe.

Sisemi Jebel Amer ndio ilosababisha vita ya 2023, hapana, ina mizizi mingi. Nasema kundi lililolipwa kwa ruhusa ya kupora halikai kwenye mkoa mmoja milele.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichoshindwa

Kilichosaidia kwanza ni ndege. UNAMID ilishindwa vitu vingi, ila helikopta zilizotoa majeruhi El Sireif na kupeleka El Fasher wakati barabara zimefungwa ziliokoa roho za watu wenye majina na watoto. Mji ukizingirwa uliza barabara mapema kabla hujauliza mkataba.

Pili, judiya ilisaidia kwa kile inachoweza. Ajawid wanajua kuhesabu damu, diya (fidia ya aliyeuawa) ngapi, mifugo gani irudishwe, nani akae na nani. Wasomi wengine wanaidharau kama kitu cha zamani na mimi sikubaliani nao kabisa. Tatizo ni kuibebesha isichoweza kubeba. Judiya ilijengwa kwa pande mbili zinazohitaji kuishi pamoja na zenye nguvu zinazokaribiana, mtu akikataa hukumu anapata aibu na anatengwa. Mtu mwenye mshahara kutoka Khartoum na soko la dhahabu nje ya nchi hatengwi na wazee wa El Sireif, hana anachowahitajia. Ndio maana mapatano ya Januari yalivunjika mapema vile: waliosaini ni wazee, na waliokuwa juu ya magari hawakuwa chini ya wazee tena.

Kuhusu chanzo, kuna maelezo mawili ninayoyasikia sana na yote naona yanapungukiwa. La kwanza linasema ni ukame na uhaba. Ukame ulikuwepo, ulivunja maisha ya abbala na bila huo huenda vijana wasingepatikana wa kuandikishwa kwa wingi vile. Lakini tazama muda: ukame mkubwa 1984, mauaji ya hapa 2013. Kilicholeta vita Jebel Amer ni utajiri ulioshuka ghafla mahali ambapo hakuna wa kuugawa.

La pili linasema basi dhahabu ndio laana. Hapo nawaambia watazame Abu Hamad, jimbo la River Nile, kaskazini mwa Khartoum. Rashi ilifumuka kule kabla ya Jebel Amer, wachimbaji wengi mno, magomvi yapo, zebaki inaumiza watu, ila hakukuwa na vita ya kabila ya kuua mamia. Dhahabu ileile, serikali ileile, sheria ileile. Tofauti kubwa ni kwamba kule serikali haikuwa imegawa silaha kwa upande mmoja wa wenyeji na kuwaacha wajilipe wenyewe. Kwa mtu anayefanya kazi ya kuzuia migogoro, hiyo ndio tofauti ya kuishika, ukisikia madini yamegunduliwa mahali swali la kwanza ni nani pale ana silaha na analipwa na nani.

Kilichoshindwa kabisa ni kwamba waliopatanishwa ni watu na mgodi haukuguswa. Nani anatoa leseni, nani anakusanya ushuru, mwenye dar anapata sehemu gani, mchimbaji anaenda wapi akidhulumiwa duara lake, abbala wasio na ardhi watapata nini cha halali, hakuna lolote kati ya hayo lililopata chombo cha kulisimamia pale mlimani. Suala la abbala ndio linanisumbua zaidi, kwa sababu ukiandika mkataba unaosema tu ardhi irudi kwa wenyewe, ni haki, lakini umewaacha maelfu ya vijana wenye silaha bila pa kwenda, na anayekuja na mshahara kesho atawachukua. Hemedti aliwachukua.

Na mnunuzi pia. Hili kwa wasomaji wa Kongo mashariki litakuwa na harufu ya nyumbani, dhahabu ya Ituri na Kivu Kusini ikishavuka Kampala, Kigali au Bujumbura inaelekea Dubai, na ya Darfur nayo inaelekea hukohuko. Mei 2023 pande mbili za vita ya Sudan zilisaini Jeddah ahadi ya kulinda raia na kuruhusu misaada. Dhahabu haikuwemo kwenye ahadi hiyo. Iliendelea kutoka, ya jeshi kupitia Port Sudan na ya RSF kupitia mipaka ya magharibi, na sehemu kubwa ya zote mbili ikauzwa kwenye soko lilelile.